Kanuni Iliyoachwa Wazi

Kiwandani walimwita Mama Laini, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho ndipo ajibu, tabia aliyoitoa kwenye swichibodi, meza ya kuungia simu kwa mkono, alikoanzia kazi akiwa msichana. Simu zote za kiwanda kile cha nguo zilikuwa mikononi mwake. Zilikuwapo za ofisini, zenye vitufe vingi ambavyo wenyewe hawakujua kazi ya hata nusu yake, na zilikuwapo za ukutani, moja kila idara, nyeusi, zenye waya wa kujikunja ambao wafanyakazi waliuviringisha kidoleni wakiongea.

Mgeni angeziona zile simu za ukutani akadhani ni mabaki ya zamani yaliyosahauliwa. Haikuwa hivyo. Mfanyakazi wa kiwanda kile haingii na simu yake ya mkononi. Anaiacha getini, katika kijikabati chenye namba, kwa sababu wenye kiwanda waliogopa kwamba mitindo yao itapigwa picha na kuuzwa kwa washindani kabla haijafika dukani. Kwa hiyo, tangu asubuhi mpaka jioni, mama mwenye mtoto mgonjwa au mtu anayesubiri habari za baba yake hospitalini hakuwa na njia nyingine ya kuongea na watu wa nje ila ile simu nyeusi. Nayo ilipitisha namba alizozikubali Mama Laini, ikazikataa alizozikataa yeye.

Watu walidhani kazi yake ni kukaa na bisibisi na kuunga nyaya. Nyaya aliziunga, lakini hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kanuni. Mtu akibonyeza namba, mtambo wa simu huanza kusoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na namba hiyo ndiyo inayoichukua simu. Zilizo chini yake haziulizwi tena. Kila kanuni ni mstari mfupi wa alama. Kijikofia mbele maana yake namba inaanzia hapa. Mabano ya mraba maana yake tarakimu yoyote kati ya hizi. Alama ya dola mwishoni maana yake namba inaishia hapa, kisizidi kitu. Simu za idara ya rangi, kwa mfano, alizikusanya zote kwa mstari mmoja, ^4[0-9][0-9]$, yaani inaanza na nne, zinafuata tarakimu mbili zozote, basi. Kwa macho ya mtu mwingine ni mdudu ametembea juu ya karatasi. Kwake ilikuwa sentensi kamili, na alikereka nayo ikikosewa kama mwalimu anavyokereka na daftari chafu.

Kanuni moja aliipenda kuliko nyingine, kwa sababu aliigombania. Meneja alipoingia kiwandani alitaka simu za ukutani ziishie ndani kwa ndani, idara kwa idara. Mama Laini akapanda ngazi kwenda kumwona. Alitoka na ruhusa ya namba chache za nje: zahanati, zimamoto, namba za nyumbani zilizoandikishwa, na ofisi ya kazi ya serikali, ile inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. Hiyo ya mwisho Meneja aliikubali kwa kunung'unika. Habari ilipofika chini, idara ya rangi walimpigia Mama Laini kelele za shangwe kwa kugonga mapipa.

Mtu aliyegonga kwa nguvu kuliko wote siku ile, kwa kutumia kisigino cha kiatu chake juu ya meza ya mapokezi, alikuwa Kengele.

Kengele na Mama Laini walianza kazi pamoja. Viti vyao vya swichibodi vilikaribiana hata viwiko vikagongana. Kengele alipata jina hilo kwa sauti yake, safi, ya kupanda bila kukwaruza, na wapigaji wengine waliomba waunganishwe na "yule dada mwenye sauti" hata kama walitaka idara ya mauzo. Walikula chakula cha mchana kwenye chombo kimoja. Walibadilishana viatu. Mama yake Mama Laini alipofariki na kumwachia mdogo wake wa kike aliyekuwa bado anasoma darasa la chini, ni Kengele aliyekuwa akimsuka yule mtoto nywele kila mwisho wa juma, akimwambia hadithi za uongo mpaka acheke. Mtoto akakua akimwita dada, kama anavyomwita dada yake wa tumbo moja.

Swichibodi ilipong'olewa na kompyuta kuletwa, nafasi ya fundi ilikuwa moja. Akapewa Mama Laini, kwa kuwa alikuwa amesoma masomo ya jioni. Kengele akapelekwa kupokea wageni wa ofisi ya utumishi. Hakununa. "Bora wewe, mwenzangu, kuliko mgeni," alisema, na Mama Laini akaliweka neno hilo moyoni.

Kisha Mama Laini akapasuliwa tumbo, akalazwa, akaambiwa apumzike. Mtu wa kuushika mtambo hakuwapo. Alimwita Kengele nyumbani, wakakaa kitandani na kompyuta ndogo magotini, akamfundisha kanuni. Kengele alishika haraka, isipokuwa hakupenda marefu. Akiona kanuni inafanya kazi kwa alama tano, haoni sababu ya kuandika kumi. Halafu Mama Laini akampa nenosiri lake mwenyewe. Ingewezekana Kengele afunguliwe jina lake kwenye mtambo, lakini hilo lilihitaji saini za wakubwa, na watu wawili walioshiriki kijiko wataandikiana barua kwa nini? Aliporudi kazini hakulibadilisha. Kulibadilisha kungekuwa kumwambia Kengele kwamba sasa hana haja naye, na neno hilo hakuweza kumwambia.

Hapo ndipo ikaja rangi mpya.

Ilikuwa ya buluu iliyokolea, ya oda kubwa ya wanunuzi wa nje, na mvuke wake ulikuwa na harufu ya kuwasha. Idara ya rangi walianza kukohoa. Kwanza walichekana, kisha macho yakawa mekundu, kisha mmoja akaanguka karibu na pipa. Mdogo wake Mama Laini alikuwa amefanya kazi idara hiyo tangu alipomaliza shule. Alirudi nyumbani akiwa na kucha za buluu na kifua kinachopiga filimbi. Ruhusa za kutoka zilikuwa zimefungwa mpaka oda ikamilike, na ofisi ya kazi hufungwa kabla zamu haijaisha. Wakasema, ndiyo maana simu ya ukutani ipo. Wakapiga.

Bize. Wakapiga kesho yake, bize. Idara hiyo ilikuwa na mwanamume mnene aliyekuwa akikoroga mapipa, aliyeitwa Mwiko, na yeye ndiye aliyekuwa mcheshi wao.

"Serikali ina maneno mengi," alisema Mwiko akiweka mkono wa simu mahali pake. "Tangu jana haijashuka kwenye simu."

Wakacheka wakikohoa. Lakini mke wake Mwiko alipojaribu namba ile ile kwa simu yake nyumbani, ikapokelewa mara ya kwanza. Aliambiwa malalamiko yatolewe na mfanyakazi mwenyewe, na kwamba kutoka kiwanda hicho hakuna aliyepiga. Mwiko alikuja nayo kazini habari hiyo, na siku hiyo hakufanya mzaha wowote.

Jioni mdogo wake Mama Laini alikuwa akisugua kucha kwa ndimu juu ya beseni. Waliishi vyumba viwili, jiko uani, na mlango wa mbele uliofunguka moja kwa moja kwenye kijia cha watu wapitao.

"Dada, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Umetufungia simu?"

Mama Laini alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kuikunja ile aliyoishika mpaka mwisho. "Nani kasema?"

"Idara nzima. Wanasema simu haiamki yenyewe ikajifunga. Wanasema funguo anazo mtu mmoja."

"Na wewe unasemaje?"

Mdogo wake akakohoa, akashika ukingo wa beseni mpaka kikohozi kikapita. "Mimi nimekuuliza wewe," alisema. "Ningekuwa na la kusema nisingeuliza."

"Sijafunga."

"Haya."

Lile "haya" lilimkaa Mama Laini kifuani kama mwiba wa samaki. Alikuwa amemlea yule binti, amemsomesha. Hakuwahi kumdanganya hata kuhusu mauti ya mama yao. Na sasa alikuwa anaaminiwa kwa heshima tu, kama anavyoaminiwa mtu mzima ambaye huwezi kumwambia usoni kwamba anaongopa. Akaamua kwamba kesho, kabla ya kitu kingine chochote, ataufungua mtambo aone. Kwa mara ya kwanza alitaka kanuni zake zimtetee.

Kesho Meneja alimwita kabla hajaweka mkoba chini.

"Mama, simu zako zinanichosha," alisema Meneja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kupenda kupanga kalamu zake kwa urefu. "Shule ya mwanangu iko bize wiki nzima. Shule gani hiyo inayoongea wiki nzima? Sikiliza."

Akabonyeza tisa ya kutokea nje, kisha namba ya shule, mbili nne moja na zilizofuata, akafungua spika. Bize.

Mama Laini hakuusikiliza mlio, alisikiliza kilichoutangulia. Simu iliyo bize kweli huchukua muda kidogo, kama mtu anayekwenda kubisha hodi nyumba ya pili na kurudi kusema wamejaa. Mlio huu ulikuja papo hapo, kidole kikiwa hakijaondoka kwenye kitufe. Simu ile haikuwa imetoka nje ya jengo. Ulikuwa mtambo wake mwenyewe uliokuwa ukimwambia mtu kwamba kwingine kuna shughuli.

"Nipe muda mfupi," alisema.

Chumba cha mitambo kilikuwa kidogo, baridi, kinachovuma. Akafungua mpango wa kanuni. Juu kabisa, juu ya kazi yake yote, palikuwa na mstari asioujua.

^9241

Basi. Tisa ya kutokea nje, mbili, nne, moja, na baada ya hapo hakuna kitu, wala mabano wala dola. Amri yake ilikuwa fupi vilevile: toa mlio wa bize. Namba za ofisi ya kazi zilianza na 241703, na kanuni ile ilikuwa imezimeza. Lakini kwa kuwa iliachwa wazi mwishoni, ilikuwa imemeza na kila namba nyingine inayoanza na 241, yaani mtaa mzima wa upande ule: duka la dawa, wauza matairi, fundi cherehani wa suti, na shule ya mtoto wa Meneja. Mtu alitaka kukamata samaki mmoja akakausha bwawa.

Pembeni, mahali mtambo unapoandika jina la aliyeweka kanuni, palikuwa na jina lake.

Kwa kitambo alijishuku. Alijiuliza kama dawa alizokuwa akimeza baada ya upasuaji zingeweza kumfanya aandike kitu akakisahau. Lakini hakuna dawa ya kumfanya aache kanuni bila mwisho. Mkono wake usingekubali. Mkono mwingine uliokuwa na nenosiri lile ulikuwa mmoja, nao haukupenda marefu. Akakaa akiutafutia udhuru. Labda aliamriwa, labda alitishwa, labda alikuwa anajaribu kitu kikamponyoka. Aliutafuta udhuru kwa bidii zaidi ya aliyowahi kutumia kutafuta kosa.

Kengele alikuwa ofisi ya utumishi. Wiki iliyopita alikuwa amepandishwa kuwa msaidizi wa afisa utumishi, na alikuwa na kiti kipya cha kuzunguka. Mama Laini ndiye aliyemnunulia kitambaa cha blauzi aliyovaa.

"Tisa, mbili, nne, moja," Mama Laini alisema akiwa mlangoni.

Kengele hakuuliza hizo ni namba za nini. Mama Laini alikuwa amekuja na matumaini yake yote kwamba angeuliza.

"Funga mlango, mwenzangu."

"Nasikia hata ukiwa wazi."

"Ni ya muda tu. Wanunuzi wanakuja kukagua, sasa unataka wakutane na ofisi ya kazi hapo getini? Oda ikipotea tutalala njaa wote. Na mdogo wetu akiwemo."

"Mdogo wetu anakohoa."

"Najua anakohoa. Si nilimletea dawa?"

Ni kweli alileta. Alikuja Jumapili na chupa ya dawa ya kifua, akampimia mgonjwa kijiko kwa mkono wake, akamfuta mdomo kwa kidole kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Jumapili ulileta dawa," Mama Laini alisema. "Kanuni ulikuwa umeshaiandika?"

Kengele alizungusha pete yake. "Nilikuwa nimeshaiandika."

"Kwa jina langu."

"Sina jina jingine kule ndani. Ulinipa la kwako."

"Nilikupa la kushikia, nilipokuwa nimelala mgonjwa."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha."

Hakuwa amepandisha. Kengele akainamisha uso, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya kirafiki, sauti ya mtu anayetaka aeleweke. "Nilipima, mwenzangu. Ikijulikana ni mimi, watanila nyama. Mimi ni wa ofisini, wananiona adui. Wewe wanakupenda kule chini. Nikasema, wewe hawatakufanya kitu."

"Kwa hiyo ulijua wataniona ni mimi."

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa ya Meneja, akiwataka wote wawili juu.

Meneja hakuwa na haya, wala hakuona sababu ya kuwa nayo. "Kumbe mmekwisha kuongea. Vizuri. Mama, nimegundua namba ya shule inaanza sawa na ya ofisi ya kazi, kwa hiyo ile kanuni ibane. Shule ipite, ofisi ile isipite. Inawezekana?"

"Inawezekana."

"Kazi ya muda gani?"

"Si kazi. Ni mstari mmoja."

"Unaona," Meneja akamwambia Kengele, "si ulisema ataelewa." Kisha akamgeukia Mama Laini na uso wa mtu anayetoa sifa. "Mshukuru mwenzako. Mimi nilikuwa nimeamua kuzing'oa simu zote za ukutani na makelele yake. Yeye ndiye aliyekuja kuniambia iko njia ya kistaarabu, hakuna atakayejua. Sikujua hata kama kitu hicho kinawezekana."

Mama Laini alimtazama Kengele. Kengele alikuwa akizitazama zile kalamu zilizopangwa kwa urefu. Hakuwa ameamriwa, na hakuna aliyemtisha. Alikuwa amepanda ngazi zile zile alizopanda Mama Laini kwenda kuigombania ile namba, akaipeleka mwenyewe mkononi, na aliposhuka alishuka na kiti cha kuzunguka.

"Naenda kuibana," alisema Mama Laini.

Katika chumba cha mitambo aliandika kanuni mpya: ^9241703[0-9]$. Ilikuwa na mwanzo na mwisho. Iligusa namba kumi za ofisi ya kazi na haikugusa hata moja zaidi, na mtu wa duka la dawa asingejua kamwe kwamba jirani yake amezibwa mdomo. Aliitazama. Ilikuwa safi kuliko ya Kengele, na angebonyeza kitufe kimoja tu ingeanza kazi, na Meneja angemtunza, na wafanyakazi wangeendelea kusikia bize mpaka wachoke. Ndivyo alivyoona kwamba Kengele hakuwa amemkadiria vibaya sana. Kazi hii aliiweza, na aliiweza vizuri.

Akaifuta. Akafuta na ile ya Kengele. Akateremka idara ya rangi.

Mvuke ulikuwa umefika kifuani. Watu walifanya kazi wakiwa wamejifunga vitambaa usoni, na walipomwona hakuna aliyemwamkia. Mwiko alishusha fimbo yake ya kukorogea.

"Karibu, mwenye simu. Umekuja kuhesabu waya?"

Mama Laini alisimama kando ya simu, akamwashiria mdogo wake. "Njoo upige."

"Kupiga wapi?"

"Ofisi ya kazi."

"Dada, iko bize hiyo. Usituaibishe."

"Piga, mama."

Binti akabonyeza kwa vidole vya buluu. Kimya kifupi kikapita, kile kimya cha simu inayokwenda mahali. Kisha ikaita. Ikaita tena, na mtu upande wa pili akasema, sauti ikitoka wazi kwenye mkono wa simu, "Ofisi ya kazi, nikusaidie nini?"

Mama Laini alikuwa ameshafikiria atakavyoutazama uso wa mdogo wake wakati huo. Alidhani ataona nafuu. Alichokiona kilikuwa kingine. Yule binti alimtazama taratibu, kuanzia mikononi, kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa amesimama na kitu kilichopotea.

"Kumbe ilikuwa imefungwa kweli," Mwiko alisema nyuma yake. "Na aliyefunga kaja kufungua."

"Sikuifunga mimi."

"Kafunga nani basi? Shetani ana nenosiri?"

Wawili watatu wakacheka. Mama Laini alifungua mdomo kulitaja jina, na jina likakwama, si kwa huruma, ila kwa sababu alijua namna litakavyosikika: fundi amekutwa, sasa anamsukumia rafiki yake wa ofisini. Mdogo wake aliinua mkono kutaka wanyamaze. Afisa alikuwa akiuliza jina la kiwanda na dalili za wagonjwa. Wakanyamaza wote, na nafasi ya kusema ikapita.

Maafisa walikuja wiki hiyo hiyo, wakiwa na vifaa vya kupimia hewa. Mapipa ya buluu yakafungwa, wagonjwa wakapelekwa kutibiwa kwa gharama za kiwanda, oda ikacheleweshwa lakini haikupotea. Waliuliza pia kwa nini simu za wafanyakazi zilikuwa hazipiti. Meneja akawafungulia kumbukumbu za mtambo, zinazotunza hata kanuni zilizofutwa, na mtambo, ambao haukujua kusema uongo wala kupambanua, ukawaonyesha jina.

Mama Laini alieleza. Alieleza kwa utaratibu, tangu upasuaji mpaka nenosiri, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe kwamba hadithi yake ina kila kitu isipokuwa mtu mwingine wa kuisema. Kengele aliulizwa. Akasema hana jina kwenye mtambo ule, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Tangazo lilitolewa mchana, kwa vipaza sauti vya kiwanda kizima. Mama Laini alikuwa ofisi ya utumishi akitia saini karatasi za kuondoka. Lilisema uongozi unasikitika, kwamba fundi aliyezuia simu za wafanyakazi ameachishwa kazi, na kwamba haki ya kila mfanyakazi itaendelea kulindwa. Lilisomwa vizuri sana, kila neno limekamilika, kwa sauti safi ya kupanda bila kukwaruza. Kutoka chini, ghorofa mbili, makofi yakasikika.

Jioni ile mdogo wake aliingia, akavua viatu, akakaa mkekani bila kufungua kanga. Mama Laini akamweleza yote. Binti alisikiliza bila kumkatiza, na kikohozi chake, ambacho kilikuwa kimeanza kulegea, kilimpa nafasi ya kutojibu upesi.

"Ile dawa ya kifua," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilimwambia, 'Mungu akulipe.'"

Akakunja pindo la kanga.

"Dada, nilipiga makofi," binti alisema akitazama mkeka. "Walipotangaza. Walikuwa wananitazama wote, nikapiga."

"Kwa nguvu?"

"Kama wengine."

Mama Laini aliinuka kwenda kuangalia chungu jikoni, ingawa hakikuwa na haja ya kuangaliwa. Aliporudi mdogo wake alikuwa bado pale pale. "Lakini nenosiri ulimpa wewe," alisema yule binti, bila ukali. "Na hukulibadilisha. Vifua vyetu vilikuwa nyuma ya hilo neno, dada."

"Nilimpa," alisema Mama Laini.

Walikaa siku kadhaa wakiongea mambo ya chumvi na maji. Kisha, alasiri moja, ikasikika hodi mlangoni, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Sauti ile ungeitambua katikati ya soko. Mama Laini alikuwa mezani akichambua mchele. Hakuinuka. Hakusema karibu. Hodi ikarudiwa, na mdogo wake akaenda, akafungua mlango kwa upana wa bega lake tu.

"Hujambo, mdogo wangu. Kifua vipi?"

"Kipo."

"Dada yupo?"

"Hayupo."

Kengele akatazama chini. "Viatu vyake si hivi hapa?"

"Kaenda peku."

Mama Laini aliacha kuchambua, asije akasikika.

"Nimemletea vitu vyake," Kengele alisema, na mfuko ukasikika ukiwekwa sakafuni. "Kikombe, na sweta lake. Mwambie sina kinyongo. Na mwambie..." Hapo sauti ilishuka, ikawa ile ya kirafiki. "Mwambie wamenipa mimi ule mtambo. Nimebadilisha kitu kidogo, sasa simu za nje hazitoki hata moja. Anipe saa moja tu anikumbushe. Siku yoyote anayotaka, nitakuja mimi, asisumbuke."

"Nitamwambia."

"Hunikaribishi hata maji?"

"Dada hayupo," binti alisema tena, akafunga mlango.

Walisikia viatu vikisimama nje kwa muda, kisha vikaenda zake. Mdogo wake Mama Laini akauvuta mfuko kwa mguu mpaka pembeni ya ukuta, akaja kukaa upande wa pili wa meza, akajisogezea fungu la mchele.

"Umemsikia," alisema. "Anataka umfundishe."

Mama Laini akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka kando.

"Nilishamfundisha," alisema.